Hoteli Mbili, Mukwe Mumoja

Nikiwa mutoto, ngambo ya ziwa, kwetu Congo, padri wa misioni alinituma nimuletee viatu mu chumba yake. Nikakuta kitanda yake imefunikwa na wavu nyeupe, toka juu mpaka chini. Nikakimbia kuambia benzangu: «Padri analalaka mu wavu sawa samaki!» Bakacheka. Lakini mi niliogopa. Mutu mwenye kulala vile, anaamka namna gani?

Tangu siku ile vitanda vya bakubwa vinanitishaka. Hapa Kashikishi, upande wa Zambia, karibu na Nchelenge, nimezeekea juu ya mukeka. Na wakati tulikuwa tunavusha chumvi kwenda kuuza Kilwa ya Congo, tulilalaka juu ya mifuko. Mufuko ya chumvi inashika mugongo muzuri, ila usilalie kidonda.

Bon, niliachia wapi? Vitanda.

Mwaka jana binti yetu wa mwisho, mwenye kutumika Lusaka, alipata bwana, kijana wa mine, mwenye kukulia kwenye banachimba shaba. Kijana akasema juma ya ndoa bazazi balale mu hoteli, na yeye na ndugu zake batalala mule mule. Hoteli nzuri ziko mbili, bazee bachague. Binti akatupokea ku basi, akatupeleka kuziona.

Ya kwanza ilikuwa ya chini, bila ghorofa, na bustani, na maji inaruka yenyewe sawa kiboko anatoa pumzi. Nikasimama kinywa wazi. Bibi yangu, mama ya binti, hakuangalia maji.

«Batu banakulaka wapi?»

Binti akaonyesha salle moja kubwa ya kulia. Wote pamoja.

«Basi, hapana.»

Maana kwetu mukwe hakule mbele ya mama mukwe, na habaonane uso, mpaka siku tutamupikia na kumuingiza mu nyumba. Siku ile ilikuwa bado.

«Nikikutana naye uso kwa uso, ndoa imeharibika,» bibi akaapa. «Napanda basi ya Nchelenge leo leo.»

«Mama, huku ni Lusaka!»

«Na haya yangu ilipanda basi pamoja na miye.»

Binti akaangalia chini, machozi karibu. Ndoa bila mama, ataielezea nani?

Ya pili, ee Mungu wangu! Ghorofa juu ya ghorofa, yote vioo. Mawingu ilikuwa inapita mu ukuta. Chini kunangaa mpaka nikavua viatu.

«Papa, vaa tu,» mulinzi akasema.

«Acha kwanza, mwanangu. Nisichafue mbingu.»

Mule chakula banakuletea mu chumba, mulango umefungwa. Bibi akaitikia na kichwa: hapa sawa. Binti akapumua. Habari ya lifti, hakuna mwenye aliwaza.

Lifti ni kanyumba ka chuma, hata dirisha hakana. Tukaingia, ikapanda, tumbo yangu ikabakia chini. Ikasimama. Mulango ikafunguka, na pale mbele yetu, mukwe, sawa vile ku picha, na suti yake; alitangulia kuona vyumba.

Bibi akageukia kona, akavuta kitenge mpaka kichwa yote ikapotea. Pa kukimbilia hakuna. Binti akashika kinywa. Nikajua sasa kijana wa mine ataingia, atanyoosha mukono, atasema, «Gudi moni, mami.» Na bibi yangu akisema basi, ni basi.

Kijana akaangusha macho. Akapiga goti chini, na suti ile ile, akapiga makofi ya pole pole, yenye kupigiwa bakwe. Nilisahau vioo, nilisahau mawingu. Mutoto wa mine! Nani alimufundisha?

«Ameingia?» bibi akauliza ndani ya kitenge.

«Nyamaza,» nikasema. «Anakusalimia.»

Kijana akasimama, akageuka, akashuka ngazi na miguu, ghorofa zote zile. Juma ya ndoa, yeye na ndugu zake balilala ku hoteli ya bustani. Mu ile ya vioo hakukanyaga tena mpaka ndoa ikapita.