Upawa wa Bi Moza

Usiku ule tulikaa barazani kwangu, mimi na Bi Moza, tukisubiri simu ya mwanangu Samiha. Mchana wake, mtoto wa kike wa wageni alivimba midomo na kukosa pumzi akiwa mezani, pembeni ya bwawa la kuogelea la hoteli. Gari ikamkimbiza hospitali, na Samiha, anayehudumu pale mezani, akaenda nao ili awatafsirie wazazi.

"Kameza maji ya bwawa yule," alisema Bi Moza akinimiminia chai aliyokuja nayo. "Yale maji yana dawa, yananuka mpaka jikoni kwangu. Na huyo mwanao naye! Mtoto wa watu anapaliwa, yeye yuko na simu yake, kwi kwi kwi."

Nilipuliza chai.

Nilikuwa najua. Samiha alinipigia kabla ya Magharibi, anasema kwa kunong'ona.

"Mama, mtoto yule hali kamba. Akiwagusa tu anavimba. Nlimwambia Bi Moza hali kamba, kisha nikamuona anamtilia mchuzi wa kamba juu ya wali."

"Na weye ukafanya nini?"

"Nikaichukua sahani, nikapeleka."

"Kwa nini, Samiha?"

"Si weye ulonambia nisimjibu Bi Moza mbele za watu?"

Simu ikakatika. Tangu hapo kila nikimpigia hapatikani.

Ni kweli nilimwambia, na si mara moja. Bi Moza ndiye aliyemshika mkono mwanangu akampeleka kwa meneja wa hoteli apewe kazi. Yeye mwenyewe alizaliwa kisiwani Fundo, akaolewa huku kwetu, akafiwa na mume watoto wakiwa wadogo, akawalea kwa kupika kwenye harusi za watu. Ulikuwa ukisikia harusi, unauliza kwanza kama anapika Moza. Wenye hoteli walimuona hukohuko harusini, wakamuwekea jiko la wazi pembeni ya bwawa, wageni wapate kula wakiwa na taulo mabegani na miguu imechovywa majini. Sharti lake lilikuwa moja tu: jiko ligeuzwe, apike amewapa kisogo, kwa sababu wamevaa vile walivyovaa. Wakamgeuzia.

Kwa hiyo yeye hawaoni watu. Anaona sahani zinazorudi. Ikirudi nyeupe, anasema, "Huyo kanisalimia." Sahani ndogo ya mtoto huyu ilikuwa ikirudi kila siku na nusu ya wali, mkavu, haukuguswa. Jambo lile lilimkosesha raha. Alinieleza tukiteka maji: "Radhiya, kuna kitoto pale kinakula wali mtupu kama kimefungiwa. Kwetu hata adui humpi wali mkavu." Nilicheka siku ile.

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu, anavuta uradi kwa tasbihi, na kila akimaliza duru moja anamuombea mtoto yule afya kwa sauti. Kila nilipotaka kusema niliuona uso wake nikameza. Nilijiambia, ngoja kwanza tujue kama yu hai. Halafu nikaona aibu, kwa sababu nilichokuwa nikingojea hasa ni mtu mwingine amwambie badala yangu.

Simu ililia baada ya adhana ya Alfajiri, ni Samiha. Mtoto anapumua vizuri, kalala, wanarudi naye hotelini. Nilipomwambia Bi Moza alisujudu palepale juu ya mkeka. Aliponyanyuka alikuwa tayari keshashika buibui lake.

"Nakwenda kwa meneja. Samiha lazima asemwe, Radhiya, usinune. Nampenda kama wangu, lakini mezani hapataki uzembe."

"Bi Moza, kaa."

"Nikae nini, kumekucha."

"Wali wa yule mtoto. Uliutilia mchuzi?"

"Nliutilia." Hata hakufikiri. "Kaniambia hali kamba, nkawatoa kamba wote, mmoja mmoja, kwa mkono huu. Hata mguu wa kamba sikumuachia. Nkamchotea mchuzi upawa mmoja tu, apate kulainisha koo."

"Ni mchuzi huo uliomdhuru, Bi Moza. Si lazima awale kamba wenyewe."

Aliuangalia mkono wake. Akaushusha polepole, akauficha ndani ya buibui kama mtu aliyeungua.

"Samiha aliniona?"

"Alikuona."

"Mbona hakunena? Angenishika mkono tu! Angenitukana!"

"Nilimkataza miye. Nilimwambia wewe ukisema neno, yeye aseme hewala."

Tulitoka, tukaenda hotelini, yeye mbele mimi nyuma. Lile bwawa lilikuwa tulivu, viti vimepangwa, na jiko lake limetupa mgongo. Samiha alitukuta hapo, macho mekundu, akatuonyesha chumba cha wageni wale. Bi Moza akamwambia, "Utawaambia ni miye. Usipunguze neno."

Mbele ya mlango alitengeneza mtandio, akaita hodi. Kimya. Akaita ya pili, akigonga kwa kidole. Ndani tulisikia mtoto anakohoa, na mtu anamnyamazisha. Akaita ya tatu.

Hakuna aliyejibu. Bi Moza akageuka. Ndivyo tulivyofunzwa sote: hodi tatu, usipoitikiwa, rudi ulikotoka, mwenye nyumba hakutaki. Samiha naye akageuka, akamfuata.

Mimi nilibaki. Sijapata katika umri wangu kupiga hodi ya nne kwenye mlango wa mtu. Niliipiga, kwa kiganja kizima, mpaka Samiha akaniita, "Mama!"

Kitasa kikazunguka.