Mchuzi wa Fenesi wa Kusumalatha

Jirani yangu Kusumalatha ana mdomo mkali, goti bovu, na mwana aliyevaa joho la utawa wa Kibudha tangu utotoni. Mwana huyo sasa ni Mtawa Vimala, anaishi kwenye monasteri kongwe iliyo juu ya mlima, ng'ambo ya msitu wetu. Mama yake hana ruhusa ya kumkumbatia. Humpigia magoti kama sisi wengine, naye humwita "mfadhili," kama anavyomwita kila aletaye chakula. Mara moja kwa mwaka zamu ya kulisha watawa huiangukia nyumba ya Kusumalatha, na siku hiyo lazima apike mchuzi wa fenesi bichi, kwa kuwa Vimala aliupenda alipokuwa mdogo. Hana njia nyingine ya kumwambia kwamba bado ni mwanawe, wala ya kujua kama mwana mwenyewe anakumbuka. Jambo hilo huniudhi, lakini dini sikuitunga mimi.

Mwaka huu tulipanda watatu: yeye, binti yake Chandrani na mimi. Tulijipaka sabuni miguuni kuwazuia ruba, nao wakatunyonya vilevile. Watawa hawali kitu baada ya adhuhuri, kwa hiyo njia nzima Kusumalatha alitukimbiza.

"Piyaseeli, unatembea au unahesabu majani?"

"Mimi nimebeba wali, wewe umebeba mdomo tu," nikamjibu.

Tulipopumzika kwenye jabali, Chandrani alifuta jasho akasema, "Leo fenesi limekolea, mama. Ulipokwenda kuoga nililitia chumvi, maana nilijua umesahau."

Kusumalatha akaruka kama aliyekanyaga mwiba. "Ulitia? Na mimi nilitia niliporudi!"

"Si ungeniuliza!"

"Nikuulize wewe, jikoni kwangu?"

"Basi tuonje tujue moja," nikasema.

Wakanitazama kama mwizi. Chakula cha watawa hakionjwi, hata kunuswa hakinuswi, mpaka wao wale kwanza. Ukionja, umewapelekea makombo. Siku ya zamu sote hutia chumvi kwa kukisia tu, na heri yetu iko mikononi mwa Mungu wa jikoni, kama yupo.

"Umwage huo mchuzi, dada," nikamwambia. "Dengu zipo, boga lipo, mtindi upo. Hawatashinda njaa."

"Nipande mlima wote huu nikampe mwanangu dengu?" Akampokonya binti yake chungu, akatangulia na goti lake bovu.

Tulifika kengele ya adhuhuri haijalia. Watawa walikuwa wameketi mkekani kwa kufuata ukubwa, Vimala akiwa wa mwisho. Sisi tulipita mbele yao tukipakua. Mtawa haombi chakula wala hakikosoi. Akitosheka, hufunika bakuli lake kwa kiganja, basi.

Mkuu wao alitia tonge la fenesi kinywani, kisha akanyoosha mkono kwenye maji. Aliyemfuata akakohoa. Chandrani aliinamisha kichwa, na mimi niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Kusumalatha akaanza mzunguko wa pili, upawa mkononi. Mkuu akafunika bakuli. Wa pili akafunika. Wengine nao wakafunika, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa mwanawe.

Vimala alikuwa ameinamisha macho. Maji yake yalikuwa yamekwisha na midomo imemkauka kwa chumvi. Mkono wake ulikuwa pajani. Mama akasubiri. Mkono haukuinuka. Akamtilia upawa mmoja, akasubiri tena, mkono ukabaki palepale. Akamtilia mwingine. Vimala akaula wote, taratibu, hakubakisha kitu.

Walipomaliza na kutuombea baraka, tukapewa masalio tukale uani. Nilitia tonge la fenesi kinywani nikalitema papo hapo.

"Mama wee! Umewalisha bahari!"

Kusumalatha alikuwa anakula huohuo mchuzi, analia na kucheka kwa pamoja, wala hakujali nani anamwona.

"Piyaseeli, hakufunika."

"Nimeona, dada."

"Wote wamefunika. Yeye hakufunika."