Barua Niliyokataa Kumsomea

Mwaka wa pili baada ya Uhuru nilipelekwa Faza, kisiwani kaskazini mwa pwani, kufundisha kina mama kusoma na kuandika Kiswahili cha shule. Mimi ni mwanamke wa bara, Mkristo, na Kiswahili nilijifunzia darasani. Hata hivyo nilitumwa kuwasahihisha watu waliozaliwa nacho.

Siku mbili nilikuwa Chundwa, kisha Jumatano nakwenda kwa miguu hadi Siyu, viatu mkononi penye matope. Huko tulikaa mikekani katika ukumbi wa nyumba moja. Wakisema “ndia”, nagonga ubao: “Njia.” Walicheka, wakarudia.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mama mmoja msuka mikeka. Alisoma Kurani tangu utotoni na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko safi kuliko wangu. Kwenye daftari la serikali nilimwandika “hajui kusoma”, maana herufi zile hazikuhesabiwa. Mumewe alifanya kazi bandarini Mombasa.

Jumatano moja alikuja na bahasha.

“Mwalimu, barua imekuya. Nisomee.”

“Soma mwenyewe, Bi. Simama wenzako wasikie.”

Alisita. Nikamhimiza. Kusema kweli, nilitaka kuonyesha kazi yangu.

Akaanza, kidole juu ya karatasi, silabi moja moja. Salamu zilipita vizuri, na wenzake wakaguna kwa kumsifu. Halafu akasoma, “Ni-me-ku-pa ta-la-ka.” Nilikuwa nimewafundisha kurudia neno gumu mpaka likae mdomoni. Akalirudia. “Talaka.” Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Nilitaka kumnyang'anya ile karatasi, lakini sikuinuka. Akaendelea mpaka mwisho, hata salamu za watoto.

“Nimesoma sawa?” aliniuliza.

“Sawa, Bi.”

Akakunja barua, akavaa buibui, akatoka.

Wiki iliyofuata walikuja darasani wanawake wawili tu. Baadaye hakuja hata mmoja. Nilimwendea yule mama nyumbani, akiwa kwenye eda, muda wa kukaa ndani baada ya talaka. Alinikaribisha, akanimiminia kahawa.

“Yule mume wangu anajua herufi zetu,” alisema. “Angeniandikia kwa mkono wake, ningesoma chumbani, peke yangu. Ameketi na karani wa watu, akampa maneno yangu ayaandike kwa herufi zenu.”

“Nisamehe, Bi. Mimi ndiye niliyekusimamisha.”

“Kunywa kahawa, Mwalimu. Inapoa.”

Sikujua kama amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza tena.

Katika ripoti yangu niliandika kwamba mwanafunzi mmoja wa Siyu sasa anasoma barua bila msaada. Mkaguzi alinisifu kwa hilo mbele ya walimu wenzangu, nami nikatazama chini. Darasa la Siyu lilifungwa kabla ya mwaka kwisha kwa kukosa wanafunzi. Nilihamishiwa bara. Sikumwandikia yule mama kamwe, ingawa mara nyingi nilikaa na karatasi mbele yangu.