Mara ya Tano Ukurasa wa Kwanza

Hakuna mtu Temeke nzima aliyelijua neno "begin" kama Adelina, mfagiaji wa kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Alijua kwamba mambo ya jana husemwa "began", na kwamba kikao kikishafunguliwa wenye kukitangaza husema "has begun". Laiti angelijua kidogo tu, akajua na mengine.

Darasa la Kiingereza lilikuwa jioni, kwenye ofisi ya tawi la Chama. Mwalimu Leodegar, mtu mwema wa kupindukia, alikuwa na kitabu kimoja na siasa moja: haachwi mtu nyuma. Kwa hiyo kabla hawajafika mbali, wakija wanafunzi wapya, Mwalimu hurudi ukurasa wa kwanza, penye neno hilohilo. Mwaka huo wa 1973 ilikuwa mara ya nne.

Na Adelina alihitaji ukurasa wa ishirini. Huko ndiko yalikokuwa mazungumzo ya simu, na kiwandani kiti cha mpokea simu kilikuwa wazi. Usaili ulikuwa Jumatatu. Miaka tisa ya kuinama na fagio, kiuno kilikuwa kimechoka.

"Mwalimu, leo turuke, nakuangukia," aliomba.

"Ndugu Adelina, na hawa tuwaachie nani?"

Akarudi kukaa. Mtu anayesema kweli habishiwi.

Jumatatu bwana utumishi alimuuliza kwa Kiingereza alianza kazi lini. Adelina akajibu bila kusita: "I began in nineteen sixty-four." Bwana akatabasamu, akajifanya mteja anayepiga simu kutoka Tanga, akasema maneno marefu. Adelina akafumbua mdomo, hakikutoka kitu. Saa nne alikuwa na fagio lake mkononi. Iliuma, tusifichane. Alilia chooni, akanawa uso, akaenda kumalizia korido.

Jioni alijikokota hadi darasani. Wageni walikuwa watatu. Mmoja wao, binti muuza vitumbua aitwaye Mwanakombo, akamnong'oneza:

"Shikamoo, dada. Eti Kiingereza kigumu? Wanasema mwanzo mgumu."

"Marahaba. Wanakudanganya, mdogo wangu. Mwanzo mwepesi. Mie nimeanza mara nne."

Mwalimu alisikia. Akamtazama Adelina, akainamisha macho, kisha akafungua ukurasa wa kwanza. Adelina akasogea mwisho wa benchi, mgeni apate pa kukaa.