Chimbua Kwanza, Ndipo Tuape

Wachimbaji wa Rwamgasa walikuwa na hakika kwamba jina la Mama Chimbua lilitoka kwao. Kweli, miaka ile ya themanini alikuwa akiwapikia ugali na dagaa karibu na mashimo yao, na kweli ulimi wake ungeweza kumtoa mtu shimoni bila kamba. Lakini wachimbaji bwana, wanadhani kila kitu duniani kimeanzia kwenye shimo lao! Mama huyu alifika Geita na jina lake likiwa limekomaa zamani. Alilipata Shinyanga mjini, kwenye uwanja wa mpira, Saba Saba ya mwaka sitini na nane, siku alipoyatungia wimbo mataifa makubwa ya dunia bila kuyataja.

Jina lake la ubatizo ni Justa. Baba yake, mzee Maige, alikuwa manju wa Bagika. Asiyemjua manju wa Kisukuma basi ajue hivi: ni mtunzi, ni mwimbaji, ni kiongozi, na ni mchokozi anayesifiwa kwa uchokozi wake. Watu wa ngoma huko wamegawanyika pande mbili tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Pamba ikishavunwa, pande hizo hukutana uwanja mmoja na kupiga ngoma kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule. Hakuna kura wala filimbi. Watazamaji huenda kwa miguu yao kule kunakowavuta, na jua likizama, upande wenye watu ndio ulioshinda.

Huvutwa na nini? Mimi nasema huvutwa na wimbo. Wenyewe wengi waliamini ni samba, dawa ya ngoma. Maige aliivaa yake kifuani, ndani ya pembe iliyozibwa kwa nta, na watu walikuwa wakimpisha njiani kwa kuiogopa. Ugonjwa wa mwisho ulipomlaza, alimwita Justa, akamkabidhi usinge wa umanju, ule mgwisho wa mkia wa ng'ombe, na ile pembe, kisha akamvuta karibu.

"Ng'wanawane, mwanangu," alimnong'oneza, "pembe haina kitu. Haijapata kuwa na kitu. Usimwambie mtu."

Mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Wazee wa Bagika walimkubali manju mwanamke shingo upande, kwa kumstahi marehemu. Kwa bahati mbaya, Saba Saba mbili mfululizo Justa alishindwa na Stanslaus, manju wa Bagalu, mwanamume wa kifua kipana na maneno matamu. Wazee wakakata shauri. Akishindwa tena, usinge utakwenda kwa Marselino, mtoto wa baba yake mdogo, mpiga ngoma wao mkuu. Justa aliumia sana. Usinge ule ndio uliobaki wa baba yake duniani, na kunyang'anywa kungekuwa sawa na kumzika mzee mara ya pili.

Basi mwaka huo, pamba ikiwa bado inaanikwa, katibu wa tawi la TANU akaja kwake na baiskeli. Aliitwa Akida, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake aliifuata reli kutoka pwani, mtu mwema sana na mwoga sana.

"Hodi hapa, Mama Selestine!" alimwita Justa kwa jina la mwanawe.

"Karibu, Ndugu Katibu. Keti, upumzike."

Akida aliketi, akaeleza. Mwaka huu kila kundi la ngoma liwe na wimbo kuhusu msimamo wa nchi kule Umoja wa Mataifa. Kuna mkataba wa mabomu ya nyuklia umepigiwa kura. Nchi nyingi zimeukubali, nne tu zimeukataa, na mojawapo ni yetu.

"Tumekataa kwa nini?" aliuliza Justa. "Kwani sisi tunayataka hayo mabomu?"

"Hatuyataki kabisa. Tumekataa ujanja. Mkataba unasema wenye mabomu wabaki nayo, na wasio nayo waape kwamba hawatayatafuta kamwe."

"Na wenye nayo, wanaapa nini?"

"Wanaahidi kwamba watazungumza namna ya kuyaondoa."

"Lini?"

Akida alivua kofia, akajipepea. "Hapo sasa, mama."

Kisha akashusha sauti, kwani shida yake yenyewe ilikuwa mbele. Jukwaani wangekaa wageni wawili, mtaalamu wa pamba kutoka taifa kubwa moja na daktari kutoka taifa kubwa jingine. Mataifa hayo hayapikiki chungu kimoja, lakini safari hii yameshirikiana kuusukuma mkataba. Na Shinyanga inamhitaji mtaalamu, na inamhitaji daktari pia.

"Kwa hiyo imba kwamba tumekataa," alisema Akida, "ila usitaje nchi, usitukane mtu, na wageni wacheke."

"Ndugu Katibu, unataka nichinje kuku bila kumwaga damu!"

"Ndiyo maana nimekuja kwa manju."

Justa alihangaika na wimbo huo. Alipalilia nao, akatwanga nao, hauji. Mabomu hakuyajua, New York hakuijua. Mkataba ulibaki kitu cha redioni, mpaka siku Stanslaus alipoingia uani mwake na kibuyu cha maziwa na uso wa kiungwana.

Hapo pana habari. Stanslaus alikuwa na desturi ya kuzika chungu cha samba uwanjani kabla ya mashindano, na mwaka huo alikizika mapema. Mtaa mzima wa Ngokolo ulijua, maana aliitangaza siri hiyo yeye mwenyewe. Dawa isiyoogopwa ni ya nini?

"Dada Justa," alianza, "sisi ni watu wazima. Haya mambo ya dawa yanatuharibia jina. Tule kiapo. Dawa iliyokwisha kuingia uwanjani, imeingia. Ambayo haijaingia, isiingie. Wewe pembe yako uiache nyumbani."

"Na chungu chako?"

"Bebe, wewe! Chungu kimeshazikwa. Kukichimbua ni kuwaudhi mababu. Lakini nakuahidi, iko siku tutakaa tutakizungumza."

Justa alimkodolea macho. Halafu kicheko kikampanda kutoka tumboni, akacheka mpaka Stanslaus akainama kujikagua vifungo vya suruali. Mkataba wa Akida ulikuwa umemfuata nyumbani kwa miguu yake wenyewe, na maziwa umemletea!

"Maziwa nimepokea, kaka," alisema alipopata pumzi. "Jibu nitakupa uwanjani."

Stanslaus alipoondoka, Marselino, aliyekuwa ameyasikia yote, alikuja juu. "Kubali, dada. Tukishinda, sifa ni zetu. Tukishindwa, tutasema pembe ilibaki nyumbani."

Na hapo ndipo shetani alipobisha hodi. Kukubali kusingemgharimu kitu, kwa kuwa pembe ilikuwa tupu. Angepata kisingizio cha bure, na pengine wazee wangemwachia usinge mwaka mmoja zaidi. Lakini aliwafahamu watu wake. Wakiacha pembe nyumbani kwa amri ya Stanslaus, wataingia uwanjani wameshashindwa. Na akikataa, akauimba wimbo uliokuwa tayari unamwasha kooni, watu watataka kuiona pembe ndani. Aliogopa, tena sana. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akajisemea, akaanza kutunga.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa tangu asubuhi. Bagalu waliingia na majembe yao, wakiyarusha juu na kuyadaka, vumbi likitimka, na umati wote ukawamiminikia kama kawaida yake. Upande wa Bagika walibaki shangazi wawili watatu na watu waliokuwa wanatafuta nafasi ya kuketi. Marselino alipiga ngoma kwa uso wa mtu aliyekwisha kurithi. Ndipo Justa akainua usinge, ngoma zikanyamaza, akatoa sauti:

*Jirani kaja na kiapo, na maziwa kaleta,*
*Chungu chake kiko ardhini, hakiguswi,*
*Pembe yangu niiache nyumbani, niape.*
*Asema iko siku tutazungumza.*
*Siku gani, jirani? Siku gani?*
*Chimbua kwanza, ndipo tuape!*

Mstari wa pili watu wakageuza shingo. Wa tatu wakaanza kucheka. Ulipofika mwitikio, nusu ya uwanja ilikuwa imeshahama, kwa sababu hakuna asiyekijua chungu cha Stanslaus, na wote walikuwa wamekwisha kusikia habari za kura kwenye redio. Jukwaani Akida alitota jasho. Mtaalamu wa pamba alimuuliza hicho chungu ni nchi gani.

"Chungu ni chungu tu, bwana," alijibu Akida. "Ni mambo ya ngoma."

Mtaalamu akamtazama daktari, daktari akamtazama mtaalamu, kama wezi wa kuku waliokutana kwenye banda moja. Wakaangua kicheko, na Akida akamshukuru Mungu.

Chini uwanjani watu hawakutaka kunyamaza. "Chimbua! Chimbua!" Stanslaus alisimama katikati ya watu wake, na jembe alikuwa nalo mkononi, maskini, asingeweza hata kusingizia hana. Lakini mpeni haki yake: alikuwa mtu wa uwanja. Alikwenda nyuma ya goli, akachimba, akakitoa chungu chake na kukiinua juu. Watu wakamshangilia kwa nguvu. Na yeye, mjanja, akaidaka sauti ile ile ya wimbo:

"Nimechimbua, dada! Na pembe je? Na pembe je?"

Uwanja mzima ukamgeukia Justa. Marselino alimshika mkono. "Yaya, hapana! Usifungue. Itatumaliza sote."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hilo Justa alilijua. Angewezaje kumtaka mwenzake achimbue, kisha yeye afiche? Aliing'oa nta kwa meno, akaigeuza pembe juu chini, akaitikisa. Hakikuanguka kitu, hata vumbi. Akaona miguu, kwanza michache, inaanza kugeuka kurudi upande wa pili, na usinge ukamwia mzito mkononi.

"Lolaga, tazameni!" alipaza sauti. "Hii ndiyo dawa aliyokuwa nayo Maige miaka yote! Mlikuwa mnakimbilia nini kwake, kama si yeye mwenyewe?"

Hakungoja jibu. Aliuanza wimbo upya bila ngoma, sauti tupu, na sauti hiyo ilikuwa ya baba yake, ila kali zaidi. Bibi mmoja wa upande wa Bagalu, Scolastika, mama mzazi wa Stanslaus, akapiga kigelegele kirefu. Marselino akashtuka, akaitazama ile pembe tupu, akamtazama dada yake, kisha akaipiga ngoma kama hajapata kuipiga maishani. Miguu ikarudi. Watu wakacheza mpaka wenye majembe wakavuka mstari na kuyarusha kwa mdundo wa Bagika, na jua lilipozama Stanslaus alibaki upande wake na chungu chake, anacheka, halafu naye akavuka.

Palepale vumbini Justa alimnyooshea Marselino usinge mbele ya wazee. "Pembe mmeiona tupu. Mlisema mtaamua leo. Amueni."

Marselino aliupokea. Akamkung'uta nao vumbi mabegani, taratibu, bega moja kisha jingine, akamrudishia.

"Shika, manju," alisema. "Mimi ngoma yangu inanitosha."

Justa alilia kwa furaha, wala hakujifuta.

Pembe alihama nayo hadi Rwamgasa, akaitundika bandani kwake, mdomo wazi, akaweka chumvi humo. Desemba moja mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, wachimbaji wakiwa wanakula, redio ikatangaza kwamba yale mataifa mawili makubwa yametia saini kuyaharibu makombora yao ya aina fulani, yote kabisa. Mama Chimbua aliweka mwiko chini. Akaenda ndani, akatoka na usinge uliokwisha kunyonyoka.

"Wameanza kuchimbua," alisema. "Wamechelewa, lakini wameanza. Haya, nyanyukeni, ugali utangoja."

Akauinua usinge, akaanzisha wimbo.