Asali ya Ijumaa Kuu

Harufu ya spiriti ndiyo iliyoniamsha utotoni, si jogoo. Nyumba yetu ya Kilosa, nyuma ya soko, ilinuka spiriti kabla ya kunuka uji, kwa sababu Bibi, mama yake Baba, alikuwa na kisukari na kila asubuhi alijichoma sindano mwenyewe. Bomba lake lilikuwa la kioo. Alilichemsha kwenye sufuria ndogo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na chupa ya insulini aliifukia kwenye kopo la mchanga uliolowa, kando ya mtungi, maana friji tuliziona kwa wauza soda tu. Ilikuwa enzi ya ruksa. Mitumba ilijaa sokoni, sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni ikauzwa kila kibanda, na Baba, aliyekuwa bwana mifugo wa serikali, akapunguzwa kazini na kufungua kiduka cha dawa za mifugo. Watu walisema mambo yamefunguka. Bibi alisema kwake yeye sukari ilifunguka zamani.

Paka wetu aliitwa Shemeji. Alikuja siku moja akala, akalala, asiage tena, ndipo Bibi akampa jina hilo. Alikuwa dume la rangi ya majivu, mlinzi wa ghala letu la mahindi, na Bibi alimdekeza kwa namna iliyomkera Mama. Kiangazi kimoja akaanza kukonda huku akila kuliko sisi, na akinywa hata maji ya beseni la kufulia. Aliyegundua sababu ni Bibi. Aliona sisimizi wamejipanga mstari kwenda pale Shemeji alipokojoa, nyuma ya ghala, kama walivyojipanga kwenye chombo chake mwenyewe cha kukojolea mwaka alioanza kuugua. Baba alicheka, lakini akamvizia paka na kile kikaratasi cha kupimia mkojo wa Bibi, na kikaratasi kikageuka rangi. Baba akaacha kucheka. Majirani ndio wakaanza, wakisema Bibi kamwambukiza paka ugonjwa wa wakubwa.

Dawa ikishafunguliwa haikudumu, na Bibi hakuwahi kuimaliza kabla haijaharibika. Kile kilichokuwa kikimwagwa kikawa cha Shemeji. Baba alipanga avutiwe kijistari kimoja tu cha bomba, na nilipouliza mbona kidogo hivyo, akanijibu kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kisha akanikalisha chini na kunieleza jambo lililoninyima raha mwaka mzima. Sindano hushusha sukari, alisema, na isipokuta chakula tumboni inaendelea kushusha tu. Paka ataanza kuyumba kama mlevi, atatetemeka, mwisho atashikwa na degedege na kufa. Hapo ni kumpaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, si kummiminia, maana atapaliwa. Akizinduka apewe chakula, na asichomwe tena mpaka yeye Baba aseme. "Na Bibi ni hivyo hivyo," akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo. Chupa ya asali ya milimani ikakaa juu ya kabati kwa ajili ya wote wawili, na mimi nikawa naitazama kwa woga kila nilipopita.

Kwetu Ijumaa Kuu moto haukuwashwa jikoni. Hata maji ya chai hayakuchemshwa mpaka watu warudi ibadani saa tisa, na bomba la Bibi lilichemshwa jioni ya Alhamisi. Mwaka huo masika ilikuwa kali. Baba alikuwa kijijini Tindiga, kwa wafugaji wa Kisukuma ambao ng'ombe wao walikuwa wakifa, na mvua ilikuwa imemzuia huko. Mimi niliachwa nyumbani kwa sababu msumari ulikuwa umenichoma mguu. Asubuhi nilimwona Bibi akimchoma Shemeji sindano yake, na nilipouliza chakula chake kiko wapi, akasema paka hafungi, panya wamejaa ghalani, atajihudumia. Kisha yeye na Mama wakajitanda kanga zao na kwenda.

Lakini kwa mvua ile hata panya hawakutoka. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka nilipomwona Shemeji akitoka chini ya kabati, miguu ya nyuma ikimsaliti. Alikwenda upande akagonga ukuta. Nilimwita, hakugeuza hata sikio. Akaanguka ubavu, akapiga miguu hewani, mate yakimchuruzika, na macho yake yakawa meusi yote. Nilipiga kelele ambayo hata leo sijui ilitoka wapi.

Aliyekuja ni jirani yetu Baba Rehema, mfanyakazi wa reli na Mwislamu, ndiyo maana hakuwa kanisani. Alikuja na mchi wa kutwangia. Msimu ule mbwa mwenye kichaa alikuwa amewauma watu sokoni, na mate yale yalimtosha.

"Toka hapo, mwanangu," alisema. "Huyu ana kichaa. Akikuuma, baba yako nitamwambia nini?"

Nilimwambia si kichaa, ni sukari imeshuka. Aliniona nimechanganyikiwa, na kwa haki kabisa, maana nani amewahi kusikia paka kashukiwa na sukari? Niliburuta stuli, nikaiteremsha chupa ya asali, nikapiga magoti kati ya paka na mchi. Niliogopa meno yale. Niliogopa mchi pia, na niliogopa kwamba nimechelewa. Nilichovya kidole, nikainua mdomo wake pembeni, nikapaka kwenye fizi, nikachovya tena. Baba Rehema alibaki amesimama, mchi begani, akisoma dua kimoyomoyo. Nikapaka mpaka asali ikanifika kiwiko. Ndipo ulimi ukatoka, mwembamba, ukalamba kidole changu mara moja, kisha tena. Baba Rehema akauweka mchi chini, akamwita mkewe alete samaki waliobaki kwao.

Ningepaswa kufurahi. Shemeji alikuwa ameinua kichwa na kutafuna samaki, na nilikwenda kurudisha chupa mahali pake. Pale kabatini palikuwa na kisosi ambacho Bibi aliweka pamba baada ya kupangusia ngozi kwa spiriti, moja ya paka na moja yake. Niliangalia kisosi. Zilikuwemo pamba mbili.

Bibi naye alikuwa amejichoma. Hospitali ilimwambia Bibi sindano hairukwi hata siku moja, imani ilimwambia leo huli, naye akatii vyote viwili. Nilitoka mbio mvuani, mguu mbovu ukinivuja damu, chupa kifuani, nikilia njia nzima. Kichwani mwangu nilimwona Bibi ameshakufa, nikamwona amezikwa, kabla sijafika kwenye mlango wa kanisa.

Walikuwa wakiimba wimbo wa mateso. Bibi alikuwa benchi la mbele upande wa akina mama, kichwa kimeinama, jasho likimtiririka, mabega yakitetemeka, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu Ijumaa Kuu wanawake wengi walitetemeka na kulia hivyo. Mama aliyekaa pembeni yake alidhani ameguswa na msalaba. Mimi nilisikia alichokuwa akiimba. Wenzake walikuwa ubeti wa mwisho, yeye alikuwa akirudia maneno mawili ya ubeti wa kwanza.

Mama alinishika mkono anitoe nje. "Mama, Shemeji ameanguka," nilimwambia. "Bibi naye kajichoma na hajala."

Wimbo ulikatika. Nilimpaka Bibi asali mbele ya kanisa zima, naye akinisukuma kwa mkono usio na nguvu, akisema kwa ulimi mzito kwamba amefunga. Mama alielewa, akamshika kichwa. Tulipaka, tukangoja, tukapaka, na mchungaji akashuka mimbarini na kukaa sakafuni pamoja nasi. Muda ulipita ambao siwezi kuupima, kisha Bibi akanitazama, akaniita jina langu, na kuuliza kwa nini nimekuja kanisani bila viatu.

Baba aliporudi kesho yake akiwa na tope mpaka kiunoni, Shemeji hakuwa amechomwa tena, na Baba akampunguzia dozi. Bibi hakukemewa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini yeye hakuficha. Alikuwa mtiifu kupita kiasi, na sikujua kabla ya siku ile kwamba utii nao huua. Tangu hapo akanywa uji kwanza, hata Ijumaa Kuu, baada ya kumpa Shemeji dagaa wake.

Wote wawili wamelala siku nyingi sasa. Kilosa treni ya umeme inapita, bodaboda zimeijaza stendi, na ugonjwa wa Bibi nimeurithi mimi. Insulini yangu inakaa kwenye friji, na nina kimashine kinachosoma tone la damu na kunipa namba kabla sijameza mate. Wanangu huniuliza mbona Ijumaa Kuu nakunywa uji alfajiri, na mbona chupa ya asali imekaa juu ya kabati wakati kimashine kinatosha. Namba nazisoma, nashukuru, nakirudisha kimashine kwenye mfuko wake. Bibi hakuwa na kimashine. Alikuwa na Shemeji, ambaye alianguka mbele yangu kwanza.