Kikopo cha Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini, kwenye kituo cha afya huko Nansio, nilikabidhiwa ndoo ya vikopo vya choo nikatamani kurudi nyumbani. Nilikuwa na darasa la saba na kozi fupi ya uhudumu, basi. Fundi Sanifu wa maabara, mzee wa Kihaya aliyevaa tai hata siku za joto, alinitazama akacheka.

"Wewe, mbona umekishika kikopo kama umeshika nyoka?"

"Kinanuka, mzee."

"Cha kwako kinanukia? Sogea hapa."

Yeye ndiye aliyenifundisha. Unachota choo kidogo, unakikamua kwenye wavu mwembamba kutoa makapi, unajaza katundu ka kiolezo kilicholazwa juu ya kioo, ili kipimo kiwe kilekile kwa kila mtu. Unafunika kwa selofani iliyolowekwa gliserini, unasubiri, ndipo unaweka chini ya hadubini. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, ukiliona mara moja hulisahau. Na kila mgonjwa vioo viwili, maana kimoja peke yake kinaweza kukosa.

Alikuwa akisema hivi, kama nakumbuka sawasawa, maana alisema haraka: "Mtu akilalamika kichwa, uchovu, mtoto hashiki masomo, usikimbilie kichwa. Tumbo ndilo jiko la nyumba. Jiko likivamiwa na panya, vyumba vyote vinalala njaa." Nami niliona kweli. Wavuvi waliokuja wakijikokota, waliodhani wamerogwa, walimeza dawa za minyoo na kichocho, na baada ya muda unawakuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanabeba magunia ya dagaa na kutukanana kwa furaha.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Kisesa. Huko mkubwa wetu alikuwa Mganga Mfawidhi, mama mkali lakini wa haki. Maabara tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja ambaye siku za chanjo alitoka kwenda vijijini.

Siku moja ya chanjo akaja mama mkwe wangu. Mke wangu Milembe ni mtoto wake. Alilima mpunga Magu, miguu yake ikishinda ndani ya maji ya majaruba, na kwa muda mrefu alikuwa akichoka, tumbo linajaa upande wa kushoto chini ya mbavu, choo kina damu. Ninyi vijana huenda mtacheka, lakini kwa malezi yetu ya Kisukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja. Alisimama mlangoni akanigeuzia mgongo, kikopo amekifunga kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Humo ndani yuko mwenzako?"

"Yuko kwenye chanjo. Atarudi mchana."

"Basi nakiweka hapa. Akirudi mpe yeye."

Akakiweka kizingitini, akaenda kukaa benchi la mbali.

Nilipaswa kusubiri mchana tu. Lakini Mfawidhi akapaza sauti kutoka chumbani kwake: "Maabara! Jibu la yule mama wa Magu liko wapi?" Wahudumu wengine walikuwa koridoni. Niliona aibu kusema mbele yao kwamba ni mama mkwe wangu, siwezi kukifungua. Nikakitumbukiza kwenye shimo la choo kikiwa kimefungwa vilevile, bila kuandaa kioo hata kimoja, nikaandika: hakuna vimelea.

Mfawidhi aliiamini karatasi yangu. Akampa dawa za vidonda vya tumbo. Simlaumu hata kidogo.

Mwaka haukuisha, mama mkwe akatapika damu. Alipopimwa upya na yule dada, mayai yalijaa kioo kizima. Mfawidhi akaniita.

"Jibu la mwanzo uliliandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

Akavuta pumzi. "Basi. Wakati mwingine mayai yanajificha." Akanitetea hata mbele ya familia.

Mama mkwe alimeza dawa za kichocho, lakini ini lilikuwa limekwisha kakamaa. Daktari wa hospitali kubwa alisema ugonjwa ulianza zamani sana. Ile miezi pengine isingebadili kitu. Pengine. Nimelishika neno hilo kama kamba, na silitumaini. Akafariki. Kwenye msiba, kaka yake alisimama akanisifu mbele ya watu: mkwe mwenye heshima, aliyemuuguza dada yetu bila kumvunjia haya. Watu wakaitikia. Niliinamisha kichwa wakadhani nalia.

Nimestaafu sasa. Nikiulizwa na vijana wa maabara siri ya afya, nawaambia ya mzee wa Kihaya: tumbo, na maji unayokanyaga. Halafu naongeza yangu: usipoweza kukifungua kikopo, sema huwezi. Kuonekana mjinga koridoni si kitu.

Kabla ya kuyaandika haya nilimwambia Milembe. Alikuwa anachambua mchele. Aliniuliza mara moja tu, "Hukukifungua?"

"Sikukifungua."

Akaokota kokoto kwenye mchele, akaitupa. Kisha akasema, "Mama hakutaka kwenda. Alikuwa anakuonea haya wewe. Mimi ndiye niliyembembeleza wiki nzima. Nilimwambia, nenda, mkwe wako yupo."